Miaka ya Kukaa Nchini na Cheti cha Uraia: Somo kwa Wakazi Wanaokusudia Kuomba Tajinisi

Katika ofisi za vijiji vya mikoa ya Kigoma, Katavi, Tabora na Kagera liko swali ambalo watendaji hulisikia mara kwa mara, na aghalabu waulizaji ni watu wenye mvi. Mtu alifika nchini akiwa kijana. Amefyeka pori, amejenga, ameoa au ameolewa, amewazika wazazi wake katika makaburi ya kijiji, na watoto wake wamesoma katika shule ambayo yeye mwenyewe alishiriki kufyatua matofali yake. Siku moja kijiji kinaanza kupima mashamba ili wenyeji wapate hati za hakimiliki ya kimila, na fomu ya kwanza inamtaka aandike uraia wake. Hapo ndipo anapouliza: je, miaka yote hii haijanifanya raia?

Haijamfanya. Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995, ambayo ni Sura ya 357 ya sheria za nchi, inatambua uraia wa kuzaliwa, uraia wa kurithi na uraia wa tajinisi. Huu wa tatu ni ule anaopewa mgeni baada ya kuomba, kuchunguzwa na kukubaliwa na Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani ya nchi. Haupatikani kwa kukaa tu, hata kukaa huko kukifikia nusu karne. Kukaa ni sharti la kuomba. Hakuchukui nafasi ya maombi. Wengi wamelitambua jambo hilo wakati umri umekwenda na karatasi za ushahidi zimeliwa na mchwa.

Yanayotegemea jibu la swali hilo si madogo. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu maalumu, na hati ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huo huo imekusudiwa wananchi. Asiye raia hapigi kura wala hagombei uongozi. Kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri unaotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hutakiwa kuwa cha raia. Kijana aliyefaulu kidato cha sita hukuta mlango wa mkopo wa elimu ya juu umefungwa. Hivyo mzazi anayeahirisha maombi yake mwaka hadi mwaka haahirishi jambo lake peke yake.

Vitu vinavyodhaniwa kuwa uraia

Kabla ya kueleza masharti, ni vema kuondoa dhana kadhaa zilizoota mizizi vijijini. Ya kwanza inahusu kitambulisho kinachotolewa na NIDA. Mamlaka hiyo husajili raia, wageni wakaazi na wakimbizi, kila kundi kwa aina yake. Kwa hiyo mtu kuwa na kadi yenye picha yake na namba ndefu si ushahidi kwamba ni raia. Lazima isomwe kadi hiyo ni ya kundi gani. Dhana ya pili inahusu cheti cha kuzaliwa. Cheti hicho kinaeleza mtoto alizaliwa wapi, lini na wazazi wake ni akina nani. Ni karatasi muhimu sana, lakini si cheti cha uraia, na ofisi ya Uhamiaji inapochunguza asili ya mtu huutazama pia uraia wa wazazi wake.

Dhana ya tatu ilianza baada ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki kuanza kutumika Julai 2010. Wapo wanaosema kwamba Mrundi, Mkenya au Mganda hahitaji tena kuomba lolote, kwa kuwa sote ni wa jumuiya moja. Itifaki hiyo imerahisisha safari, kazi na biashara baina ya nchi wanachama. Haikuunda uraia wa Afrika Mashariki. Anayevuka mpaka kwa urahisi wa jumuiya bado ni raia wa nchi aliyotoka, na anayetaka kubadilisha hali hiyo hupita njia ile ile ya tajinisi.

Kadi ya mpigakura nayo yafaa itajwe kwa uwazi. Asiye raia aliyejiandikisha kupiga kura, hata kama aliandikishwa kwa kusukumwa na wapambe wa mgombea, ametenda kosa. Kuitoa kadi hiyo mbele ya afisa kama ushahidi wa uraia ni sawa na kujishitaki mwenyewe.

Hesabu ya miaka

Jedwali la Pili la Sheria ya Uraia linataka mambo mawili kuhusu muda. Kwanza, mwombaji awe ameishi katika Jamhuri ya Muungano mfululizo kwa miezi 12 inayotangulia tarehe ya kuomba. Pili, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo 12, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo vikijumlishwa havipungui miaka 7. Wengi hulisikia hili kwa mkato, "miaka saba" au "miaka kumi", kisha hujikuta wamekosea hesabu. Mfano wa kubuni utasaidia.

Chukua mama mmoja mshonaji aliyeingia nchini Januari 2013 na kupata kibali cha ukaazi. Anakusudia kupeleka maombi yake tarehe 1 Julai 2025. Miezi 12 ya mwisho itaanza tarehe 1 Julai 2024. Miaka 10 itakayochunguzwa ni ile ya kuanzia tarehe 1 Julai 2014 hadi tarehe 30 Juni 2024. Mwaka na nusu wa mwanzo wa maisha yake nchini hauingii kabisa katika hesabu. Ndani ya miaka hiyo 10, aliondoka mwanzoni mwa Machi 2016 kwenda kumuuguza mama yake, akarudi mwishoni mwa Julai 2017: hiyo ni miezi 17. Akaondoka tena mwaka 2020 kwa miezi 8. Jumla ya kutokuwepo kwake ni miezi 25, yaani miaka miwili na mwezi mmoja. Ukiitoa katika miaka 10, zinabaki siku zake za kuishi nchini zinazofikia miaka 7 na miezi 11. Sharti la pili amelitimiza.

Lakini mwanzoni mwa Desemba 2024 kaka yake alifariki, akaenda mazikoni na kubaki kugawa mirathi hadi mwisho wa Februari 2025. Hapo sharti la kwanza limevunjika, kwa maana miezi 12 ya mwisho haikuwa mfululizo. Kosa la kawaida ni kupeleka maombi hivyo hivyo kwa kudhani kwamba ziada ya miezi 11 itafidia. Haifidii, kwa kuwa masharti hayo mawili hayakopeshani. Njia salama kwake ni kuanza kuhesabu upya tangu tarehe 1 Machi 2025 na kuomba tarehe 1 Machi 2026. Miaka 10 nayo itasogea na kuwa ile ya tangu 1 Machi 2015 hadi mwisho wa Februari 2025, na kutokuwepo kwake sasa kutakuwa miezi 28. Zinasalia miaka 7 na miezi 8, kwa hiyo bado yumo. Alichopoteza ni miezi minane ya kusubiri, badala ya kupoteza maombi yote.

Hesabu hii haifanywi kwa kumbukumbu ya kichwa. Hufanywa kwa mihuri iliyogongwa kwenye hati ya kusafiria, tarehe za vibali vya ukaazi, risiti na barua. Mwenye hati ya kusafiria iliyokwisha muda asiitupe, kwa sababu mihuri yake ndiyo inayosema alitoka lini na akarudi lini. Inasikitisha kuona mtu amehifadhi kwa uangalifu hati mpya ambayo haina muhuri hata mmoja, huku ile ya zamani watoto wakichezea.

Mahali ushahidi unapoanzia

Watu huitazama tajinisi kama jambo la makao makuu, la meza kubwa. Ni kweli kwamba uamuzi hutolewa juu, na kwamba maombi hayaendi huko kabla ya kuchunguzwa katika ngazi za chini. Lakini karatasi za kwanza za maisha ya mtu hutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata. Daftari la wakazi ndilo linaloonyesha familia ilihamia lini na ilikuwa na watu wangapi. Mkazi ambaye jina lake halimo katika daftari hilo, au limeandikwa kwa namna tatu katika miaka mitatu, atapata taabu kuthibitisha jambo ambalo kijiji kizima kinalijua.

Suala la majina linastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndilo huangusha wengi kuliko ukosefu wa miaka. Mtu aliyeingia nchini kwa jina la nyumbani kwao huzoea kuitwa kwa jina la ubatizo, au kwa jina la Kiislamu, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kibali cha ukaazi kina jina moja, leseni ya biashara ina lingine, cheti cha ndoa kina la tatu, na kadi ya kliniki ya mtoto imeandikwa kama muuguzi alivyosikia. Kila karatasi ni ya kweli, ila zikiwekwa pamoja zinaonekana kuwa za watu wanne. Dawa yake ni hati ya kiapo cha majina mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, na ifanyike mapema kabla ya fomu za uraia kujazwa. Kiapo kinachotolewa baada ya afisa kugundua tofauti hupokelewa kwa shaka, hata kama mwenye kuapa hana hila yoyote.

Kwa upande wa halmashauri, zipo karatasi ambazo mkazi huzipuuza kwa kuwa hazikutolewa kwa ajili ya uraia: leseni ya biashara, stakabadhi za ushuru wa mazao, risiti za michango ya ujenzi wa shule au zahanati, kumbukumbu za chama cha ushirika. Umuhimu wake utaonekana katika sharti linalofuata.

Masharti yasiyo ya muda

Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 18 na awe na akili timamu. Ajue Kiswahili au Kiingereza kwa kiasi cha kutosha. Kwa walowezi, kama wanavyoitwa wahamiaji wa muda mrefu katika mikoa ya magharibi, sharti la lugha si mzigo, kwa kuwa wengi wao huota ndoto kwa Kiswahili. Awe na tabia njema. Akusudie kuendelea kuishi nchini kwa kudumu endapo atapewa uraia.

Sharti linalotisha wengi ni lile linalotaka mwombaji awe mtu afaaye kuwa raia kwa kuzingatia mchango wake, au mchango anaoweza kuutoa, katika uchumi wa taifa, maendeleo ya sayansi na teknolojia, au ustawi wa jamii na utamaduni. Wakulima na mafundi wakilisomewa hudhani kwamba limeandikwa kwa ajili ya wenye viwanda. Maneno yenyewe hayasemi hivyo. Mfinyanzi anayefundisha vijana, muuguzi aliyestaafu, mkulima anayeuza tumbaku au mpunga kwa ushirika na kukatwa ushuru kila msimu, wote wana mchango wa kuonyesha. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanda ana mhasibu wa kumtunzia hesabu, na mkulima hana. Ndiyo maana stakabadhi ya ushuru ya mwaka 2018 iliyokunjwa ndani ya msahafu au Biblia inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko barua ya sifa iliyoandikwa wiki iliyopita.

Ndoa na watoto

Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania amepewa na sheria njia yake ya pekee. Anaweza kuomba tajinisi kwa msingi wa ndoa hiyo. Lakini ipo kauli moja katika kifungu hicho ambayo kila familia inapaswa kuijua: maombi hayo hufanywa wakati mume angali hai. Mume akifariki kabla mke hajaomba, mlango huo hufungwa, naye hubaki na njia ya kawaida ya miaka. Hebu fikiria mjane aliyeishi na mumewe miaka 30 bila kuomba, kisha anakabiliwa kwa mpigo na msiba, shemeji wanaodai shamba, na hoja kwamba yeye si raia hivyo hawezi kumiliki ardhi. Mambo haya matatu yakikutana, hata baraza la ukoo lenye huruma hushindwa kumsaidia. Mume anayempenda mkewe asiliache jambo hili kwa kesho.

Ndoa yenyewe lazima ithibitishwe. Ndoa ya kimila ambayo mahari yake ililipwa mbele ya wazee ni ndoa, lakini kwa shughuli hii inahitaji kusajiliwa na kupatiwa cheti, na kazi hiyo hufanyika wilayani.

Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia ya namna hiyo. Sheria haikumtaja, naye huomba kama mgeni mwingine yeyote. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa si la haki, na malalamiko yao si ya bure. Hata hivyo, hadi sheria itakapobadilishwa, anayefika ofisini akitegemea cheti cha ndoa pekee atarudishwa.

Kuhusu watoto, mzazi anayepata uraia asidhani kwamba watoto wake waliozaliwa kabla wamefuatana naye moja kwa moja. Walio chini ya umri wa miaka 18 huombewa na mzazi au mlezi wao. Aliyekwisha kutimiza umri huo hujiombea mwenyewe, kwa masharti ya mtu mzima. Familia inayochelewa mwaka mmoja yaweza hivyo kujikuta imegawanyika: baba, mama na wadogo ni raia, na mtoto mkubwa aliyetimiza miaka 18 miezi miwili iliyopita ni mgeni katika nyumba ile ile.

Maombi yanavyokwenda, na nafasi ya majirani

Fomu hupatikana na kurudishwa kupitia ofisi ya Uhamiaji. Ada hutofautiana kwa kundi la mwombaji, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi. Anayeahidi "kuliharakisha jalada" kwa malipo ya pembeni anauza kitu asichokuwa nacho.

Mwombaji hutakiwa pia kutoa tangazo gazetini kwamba anaomba uraia kwa Waziri, na kwamba yeyote anayejua sababu ya kufanya asipewe apeleke maelezo ya maandishi yaliyotiwa saini kwa wakuu wa Uhamiaji. Hapa majirani wanaingia moja kwa moja katika jambo hili. Tangazo hilo si mwaliko wa kulipiza kisasi cha mpaka wa shamba au deni la harusi. Linataka mambo ya kweli, yaliyoandikwa, na mwandishi ajitambulishe. Anayejua kwamba mwombaji ametumia jina la marehemu au ameficha kifungo alichowahi kutumikia ana wajibu wa kusema. Anayejua tu kwamba mwombaji ni "mtu wa kuja" hajui lolote ambalo mwombaji mwenyewe hajalieleza katika ukurasa wa kwanza wa fomu yake.

Vivyo hivyo kwa wanaoombwa kumdhamini. Mwenyekiti wa kitongoji anayethibitisha kwamba mtu ameishi hapo miaka 15, ilhali anajua ni 6, hamsaidii. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha ukweli unaweza kufutwa baadaye, hata kama mhusika amekwisha jenga, amepewa hati na watoto wameandikwa kupitia kwake. Raia wa kuzaliwa hanyang'anywi uraia wake kwa namna hiyo. Wa tajinisi anaweza. Hivyo uongo wa wema wa mwenyekiti huwa deni linalosubiri siku ya kudaiwa.

Uamuzi ni wa Waziri. Sheria haimlazimishi kutoa sababu za kukubali wala za kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Hili ni jambo zito, nalo ndilo linalofanya maandalizi ya mwanzo kuwa na uzito mkubwa: jalada linapaswa kujitosheleza, kwa kuwa mwombaji huenda asipate nafasi ya kulieleza upya.

Mwenye mashaka kuhusu hali yake, hasa aliyeingia bila kibali au ambaye vibali vyake vilikatika katikati, atafute ushauri kabla ya kujaza lolote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wananchi bila malipo, na maafisa maendeleo ya jamii huwafahamu waliosajiliwa katika maeneo yao.

Kipindi kati ya uraia wa zamani na mpya

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyekubaliwa hutakiwa kuukana uraia wake wa awali, kuleta uthibitisho wa kuukana huko, na kula kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano. Kati ya kuukana na kupokea cheti kuna kipindi, na kipindi hicho kinaweza kuwa na hatari ambayo wakazi wa magharibi mwa nchi wanaifahamu kuliko wengine.

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji nchini mwao na kupokelewa Tanzania. Walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo ambayo sasa yamo katika Mkoa wa Katavi. Walilima hadi wakawa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilikubaliana kwamba watu hao waulizwe wanataka nini. Walioandikishwa walikuwa wapatao 218,000. Takribani mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi. Wengine walichagua tajinisi. Kufikia mwaka 2010 maombi ya zaidi ya watu 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Tanzania ilikuwa imewapa uraia wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000, na baadaye iliwapa Wazigua waliotoka Somalia na kuishi Chogo, wilayani Handeni, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka sehemu hizo hizo za Tanga. Lakini idadi ya mwaka 2010 ilikuwa kubwa kupita zote.

Hata hivyo kukubaliwa hakukuwa cheti. Mpango wa wakati huo ulitaka raia hao wapya watawanywe katika mikoa mingine kwanza, ndipo wapewe vyeti vyao. Utekelezaji ulikwama. Kwa muda wa takribani miaka minne, watu waliokwisha kuukana uraia wa Burundi walikaa bila karatasi ya Tanzania mkononi: hawakuwa tena wakimbizi, na hawakuweza kuthibitisha kwamba ni raia. Mashamba yalilimwa kwa wasiwasi wa kuhamishwa, na nyumba hazikuezekwa upya kwa kuwa hakuna aliyejua kama msimu ujao utamkuta hapo. Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi vyeti, nao wakaruhusiwa kubaki walipokuwa.

Kwa mwombaji mmoja mmoja leo, kisa hicho kina funzo la utaratibu. Asikimbilie kuukana uraia wake wa zamani kwa sababu tu amesikia kwamba utatakiwa. Asubiri barua ya maandishi ya kukubaliwa inayomwelekeza kufanya hivyo, afuate maelekezo yake kama yalivyoandikwa, na atunze nakala ya kila karatasi inayotoka ubalozini na inayoingia Uhamiaji, pamoja na tarehe ya kuipokea. Mtoto akizaliwa wakati jalada liko njiani, ofisi iarifiwe kwa maandishi, maana jina lake halimo katika fomu zilizopelekwa.

Akishaapa na kupokea cheti, kazi moja inabaki ambayo wengi huisahau kwa furaha ya siku hiyo. Karatasi zake nyingine zote bado zinamtaja kama mgeni. Aende NIDA na cheti chake ili taarifa zake zihamishwe kutoka kundi la wakaazi kwenda la raia, kisha arudi kwa mtendaji wa kijiji, daftari la wakazi lifunguliwe penye jina lake, na safu ya uraia iandikwe upya mbele yake, na tarehe iwekwe.